Wakwe wa Kibondo na Mfumo Usiosema Kosa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na ushahidi wameondoka nao kwenye simu zao. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana Kasulu habari haisubiri bando.

Kwa wasionijua, naitwa Editha. Nakaa Murubona, hapa Kasulu, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Wateja wangu ni duka la vifaa vya ujenzi, kwaya mbili na shule moja ya chekechea. Mchumba wangu ni Gervas, mwalimu, kwao ni Mabamba, huko Kibondo. Leo ndugu zake wamekuja kwetu kuposa. Yaani leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonekana kwamba nimelelewa. (Shikilieni hapo.)

Mzizi wa fitina ni wiki chache zilizopita. Shangazi Veronika, dada yake baba, alisema tujue wageni wangapi watakuja ili tupike kwa kiasi. Shangazi ndiye mwenye posa. Nyumbani kwetu baba hutoa sauti, shangazi hutoa maamuzi. Mtu mwenye akili timamu angempigia mshenga simu akamuuliza, wakamaliza. Mimi nikasema, "Shangazi, niachie mimi, nitatengeneza mfumo."

Hakuna aliyeniomba mfumo. Hilo lieleweke mapema.

Nikatengeneza ukurasa mdogo tu. Mkwe anafungua, anaandika jina lake na namba ya simu, anabonyeza "Nitakuja", basi. Kabla ya kumtumia Gervas ili autupie kwenye kundi la ukoo wao, nikampa shangazi aujaribu. Shangazi akaandika jina. Kwenye namba ya simu akaandika "ninayo". Ukurasa ukamjibu kwa maandishi mekundu: KOSA. TAARIFA ULIZOWEKA SI SAHIHI.

Shangazi akaiangalia simu. Kisha akaniangalia mimi.

"Hiki ndicho atakachoambiwa mkwe wetu?"

"Akikosea tu, shangazi."

"Mkwe hakosei."

"Lakini kama namba ya simu si..."

"Editha. Mtu anatoka Kibondo, anapiga hodi kwako, unamfungulia mlango na kumwambia kosa? Tena kwa rangi nyekundu?"

Alikuwa anasema kitu ambacho nimekulia nacho. Kwetu mkwe haambiwi hapana. Akikukuta huna hata unga, unamwambia karibu sana, unamwekea kiti, halafu unatokea mlango wa nyuma kwenda kuomba kwa jirani. Mgeni hapaswi kujua kilichovunjika jikoni.

Sasa niwaeleze kidogo, maana aibu yenyewe imejificha hapa. Tovuti hizi hatuzijengi kuanzia msingi. Tunatumia kiunzi, yaani nyumba ambayo mafundi wengine wameshaisimamisha nguzo na paa, wewe unaongeza kuta na vyumba. Mtu akibonyeza kitufe, ombi lake linaingia kama mgeni. Linapita getini, linaulizwa ni nani, linaelekezwa chumba kinachohusika. Chumba kinatuma mtu stoo kuweka kitu au kutoa kitu. Kisha jibu linarudi njia ileile mpaka kwa aliyeuliza. Kikivunjika kitu popote katika safari hiyo, kazi inasimama palepale, na kosa linapandishwa juu mlango kwa mlango likitafuta mtu wa kulipokea. Asipopatikana njiani, mwisho kabisa yupo mmoja ambaye kiunzi chenyewe kimemweka. Mimi namwita mshika makosa. Ana kazi mbili: kumwambia fundi ni nini kimevunjika, na kumwambia mgeni kwamba imeshindikana.

Mimi nikamfukuza kazi.

Mahali pake nikaandika mistari michache. Kosa lolote likitokea, popote, la aina yoyote, mgeni ajibiwe hivi: "Asante sana. Tumekupokea kwa mikono miwili. Chakula kipo." Kwa rangi ya kijani. Na fundi asisumbuliwe. (Fundi ni mimi. Nilijionea huruma.)

Shangazi akajaribu tena. Jina, halafu "ninayo", akabonyeza. Akashukuriwa kwa kijani.

"Hapo sasa umeongea kama mtu," akasema, na mfumo ukapelekwa Kibondo.

Siku ya kufunga hesabu ya wageni nilifungua nikakuta majina matano. Gervas. Bibi. Anko Pita. Mama Shija. Dereva.

Watu watano, mmoja wao Dereva. Sikujiuliza ni dereva wa nini.

Nilimpigia Gervas kuhakikisha. Nikamuuliza, "Ndugu zako wameshajiandikisha?" Akasema, "Wote. Tena wamesifia, wanasema mna majibu mazuri." Nikafurahi. Wote ni wote. Mimi ninayelipwa kwa kazi ya kuhesabu vitu kwenye kompyuta sikumuuliza wote ni wangapi.

Baba hakufurahi. Baba alikaa na majina yale matano kwenye simu yangu muda mrefu, akiyasogeza juu na chini akidhani mengine yamejificha.

"Mama yake Gervas hayumo," akasema.

"Pengine huko kwao mama haji kwenye posa," shangazi akamtuliza.

"Kibondo na Kasulu ni Waha walewale, Veronika. Usinifundishe. Binti yangu anaposwa na watu watano na dereva."

"Dereva yumo ndani ya watano," nikasema. (Ilikuwa taarifa sahihi, ila haikusaidia.)

Shangazi akapendekeza baba ampigie mshenga. Baba akasema katika maisha yake hajawahi kubembeleza watu waje kwake, na hataanzia kwa watu wa Mabamba. Wakija watano, watapikiwa watano. Alisema kwa sauti ya chini, na baba akisema kwa sauti ya chini huwa ameumia. Nami niliumia. Nilianza kuona kwamba mama mkwe hanitaki, na usiku ule sikula.

Ndiyo hivyo leo asubuhi tukachinja majogoo wawili, tukabandika sufuria moja ya maharage, wakapikwa samaki, migebuka ya kutosha watu watano wenye adabu, na unga wa muhogo ukapimwa. Shangazi aliongeza kidogo kwa ajili ya dereva, kwa kuwa madereva wanakula.

Mimi nilifungiwa chumbani. Binti anayeposwa hakai sebuleni, hukaa ndani mpaka aitwe. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, kichwa kimesukwa, na kompyuta yangu mpakato iko kitandani kwa sababu kwaya moja ilikuwa inanidai ratiba. Kupitia dirishani niliona basi la kosta linaingia uwanjani. Nikasema, watu watano wamekodi kosta, wana uwezo. Mlango ukafunguliwa wakaanza kushuka. Wakashuka. Wakaendelea kushuka. Akina mama kwa sare ya kitenge, wazee kwa makoti, na bibi mmoja aliyebebwa na vijana wawili. Nilipodhani wamekwisha, nyuma ya kosta ikaingia gari ya noa, nayo imejaa.

Nilihesabu mpaka thelathini, kisha nikaona hesabu haina faida tena.

Shangazi aliingia chumbani akafunga mlango kwa mgongo.

"Uliniambia watano."

"Mfumo ulisema watano."

"Basi mfumo wako ukawapishe viti," akasema, akatoka kwenda kutafuta viti kanisani.

Kuanzia hapo niliyajua mambo ya sebuleni kwa njia mbili. Moja ni shangazi, aliyekuwa akipita kati ya wageni, jikoni na chumbani kwangu. Nyingine ni pazia, maana mlango wangu hauzibi vizuri. Na taarifa hizi mbili hazikufanana. Nilisikia kwa masikio yangu mzee mmoja akilalamika kwamba amekaa juu ya ndoo. Shangazi akaja nikamuuliza, "Wanasemaje?" Akasema, "Wanashukuru sana." Nilisikia mama mmoja akiuliza kama hapa Kasulu chai huletwa au hufuatwa. Shangazi akaja. "Wanasemaje?" "Wamependa nyumba."

Hapo ndipo nilipoanza kupata jasho. Nilimwona shangazi yangu akipokea kosa mlangoni na kuligeuza asante kabla halijafika kwangu, na nikamtambua. Nilikuwa nimemjenga yeye ndani ya mfumo, mzima mzima, ila yeye angalau alikuwa anakwenda kutafuta viti.

Chakula kikaletwa. Nilisikia ukimya wa watu wengi wanaotazama sahani chache. Kisha akasimama mshenga, Mzee Zakaria, mjomba wa Gervas. Nilimjua kwa sauti, kwa sababu Gervas alishaniambia kwamba mjomba wake anaweza kuongea na ng'ombe wa mlima wa pili bila kunyanyuka kwenye kigoda.

"Ndugu zetu wa Kasulu, mwakeye," akasalimu. "Hatukuja kula, tulikuja kuposa. Lakini tuna swali. Je, mlituita au hamkutuita?"

Baba akajibu kwamba waliitwa, na kwamba wao wenyewe walijiandikisha watano.

"Watano?" akasema Mzee Zakaria. "Ego, sawa. Sasa nisikilizeni." Nikasikia anajikohoza jinsi watu wanavyojikohoza kabla ya kusoma barua kanisani. "'Asante sana. Tumekupokea kwa mikono miwili. Chakula kipo.' Hii imeandikwa na nani?"

Akawageukia watu wake.

"Nani mwingine anayo?"

Nilichungulia kwenye pazia. Ukoo mzima wa Mabamba ulikuwa umeinua simu, kila moja na picha ya jibu langu, na sebule ilikuwa ya kijani.

"Mimi niliandika mara tatu," akasema mama mmoja aliyekaa mbele, mwembamba, mwenye macho ya Gervas. Nilimjua hapohapo. Ndiye mama mkwe. Kumbe alitaka kuja toka siku ya kwanza. "Kila nikiandika nashukuriwa. Nikasema, hawa watu wananipenda."

Nilitamani ardhi inimeze na kompyuta yangu.

"Kwenye simu tumepokelewa," Mzee Zakaria akasema. "Nyumbani hatujapokelewa. Kosta bado ina mafuta, ndugu zangu. Kama hii ndiyo tabia ya nyumba hii, kusema ndiyo huku moyoni ni hapana, ni afadhali tujue leo, kabla mtoto wetu hajaoa humu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe, wala si chakula. Watu walikuwa wanafikiri tumewadanganya kwa makusudi, na baba yangu, ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata kwenye kuuza mbuzi, alikuwa amekaa mbele yao kama mwongo. Nikamwona Gervas mwisho wa safu, kwenye benchi, haruhusiwi kuongea siku ya posa yake mwenyewe, anatazama viatu vyake kama mtu anayevinunua.

Nikasema lazima nijue jina la mama yule lilipotelea wapi. Nikafungua kompyuta. Majina matano, yaleyale. Nikatafuta taarifa za makosa ili nione nini kilivunjika, nikakuta patupu. Bila shaka. Anayeandika taarifa hizo ni mshika makosa, na mshika makosa nilimfukuza.

Kilibaki kitu kimoja. Kiunzi kina sura mbili za kuonyesha kosa. Kuna sura ya wageni, fupi, isiyotoa siri. Na kuna sura ya fundi. Hiyo inakuonyesha kila kitu: mahali palipovunjika, milango yote ambayo kosa limepanda, na mistari ya kazi yako mwenyewe kama ulivyoiandika, pamoja na vimaneno ambavyo mafundi huandika pembeni kujikumbusha wenyewe. Kanuni ya kwanza kabisa ya kazi hii ni kwamba sura ya fundi huifungui kwenye tovuti inayotumiwa na watu.

Nikaifungua. Nikaondoa na ile asante yangu ya kijani, ili kosa lipande mpaka juu bila kuzuiwa. Kisha nikamwita shangazi mlangoni.

"Mwombe mmoja wao ajiandikishe tena sasa hivi. Nitaona tatizo."

"Nimwombe nani?"

"Yeyote, shangazi."

Nikakaa kitandani, macho kwenye kompyuta, nikisubiri kosa litokee. Nilisikia shangazi akiomba kwa adabu. Nilisikia Mzee Zakaria akisema ataandika yeye. Nikasubiri. Kompyuta yangu haikuonyesha chochote. Nikaigusa. Nikasubiri tena.

Mnakumbuka nilivyowaeleza safari ya ombi? Jibu linarudi kwa aliyeuliza. Linafundishwa siku ya kwanza. Nimewafundisha watu wengine kwa malipo.

"Imekuja nyingine," sauti ya Mzee Zakaria ikasema sebuleni. "Hii si ya kijani."

Nilishuka kitandani nikasogea kwenye pazia.

"Ina mambo mengi," akaendelea. "Hapa juu kuna Kiingereza, kirefu. Hapa kuna jina langu. Hapa Kiingereza tena. Halafu hapa katikati kuna Kiswahili."

"Soma Kiswahili," akasema mama mkwe.

Nataka mwelewe kwamba mshenga ni mtu wa kutoa sauti. Amechaguliwa na ukoo kwa kazi hiyo. Akipewa maandishi, anasoma, kwa utulivu, kila neno, na mwisho wa sentensi anainua uso kuwatazama watu.

"'Herufi ishirini zinawatosha,'" akasoma. Akainua uso. "'Hawa si wafalme.'"

Kuku wa jirani alipita nje akisema mambo yake.

"Kuna mstari mwingine chini," akasema.

"Soma," akasema baba yangu. Baba yangu mzazi.

"'Wakizidi, shauri yao. Shangazi akiuliza, sema ni mambo ya usalama.'"

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Hicho kilikuwa cha shangazi.

Niwaeleze, ingawa haisaidii. Nilipokuwa natengeneza stoo ya majina niliiwekea kikomo, jina lisizidi herufi ishirini. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, nikajiandikia kimzaha pembeni, na sikufikiria tena. Sasa watu wa Mabamba hawaandiki jina kama wanajaza fomu ya benki. Wanajieleza. Jina ambalo Mzee Zakaria aliliandika leo, na ambalo nimelisoma mwenyewe baadaye, ni hili: Mzee Zakaria Ntibhakenga wa Mabamba, mjomba wa bwana harusi upande wa mama. Stoo ililikataa. Kosa likapanda, mlango kwa mlango, likafika juu, na huko juu nilikuwa nimeweka mtu wa kushukuru. Wenye majina mafupi ndio waliopona. Gervas. Bibi. Dereva.

"Editha," baba akaita.

Binti anayeposwa huitwa na shangazi, hutoka amefunikwa, polepole, akina mama wakipiga vigelegele. Mimi niliitwa na baba kama mwizi wa kuku, nikatoka na kompyuta kifuani kwa sababu sikujua niiweke wapi. Nikapiga magoti katikati ya sebule. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Ni wewe uliyeandika haya?" Mzee Zakaria akauliza. Kwa karibu alikuwa mzee mdogo tu, wa kimo cha kawaida, na hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Ni mimi, mjomba."

"Na hii ya kijani?"

"Ni mimi pia."

"Ulijua kwamba majina yetu hayajaingia?"

"Sikujua. Niliuambia mfumo ushukuru kila mtu hata kama imeshindikana. Niliona si adabu kumwambia mkwe kosa. Nilidhani ni heshima." Machozi yalikuwa yameshafika. "Baba hakujua chochote. Amekuwa akihuzunika kwamba mama haji. Mimi pia nilihuzunika."

Shangazi alikuwa na nafasi ya kukaa kimya hapo, na angekaa nisingemlaumu. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyemkataza kuandika kosa," akasema. "Nyekundu ilinichukiza."

Mzee Zakaria akatazamana na mama mkwe. Walinong'ona Kiha, harakaharaka, na upande wetu wote ulijifanya hausikii lugha ambayo ulizaliwa nayo.

"Jina langu nilipewa na babu yangu," akasema mshenga mwishowe. "Hakuniambia lina kikomo. Kwa hiyo tunatoza faini. Hatutaki mbuzi. Binti atapita kwa kila mtu aliyekuja, atapiga magoti, na atamsalimu kwa jina lake kamili kama mwenyewe anavyolitaja. Akikosea au akifupisha, anaanza upya. Wakati huo nyinyi pikeni. Tukimaliza wote, ndipo tutaongea habari ya posa."

Hapo nikaona jinsi wakubwa wanavyofanya kazi. Shangazi alihitaji muda wa kwenda sokoni, na mzee huyu alikuwa amempa bila kuutaja.

Basi nikaanza. Ningependa kuwaambia kwamba nilipita vizuri. Bibi alikuwa wa kwanza, nikashukuru Mungu, anajulikana ni Bibi. Nikamsalimu Bibi. Akasema hapana, kwenye simu alifupisha kwa sababu macho yanamsumbua, akanitajia jina lake, la baba yake, na la kilima alichozaliwa. Nikaanza upya. Dereva naye, ambaye hata si ndugu, ni mtu wa kukodiwa tu, alisema kwa kuwa leo ni leo angependa kuitwa kwa jina la ubatizo, la kipaimara na la ukoo. Nikamwita. Magoti yalikuwa yameshika rangi ya sakafu. Kufikia katikati ya safu watu walikuwa wanacheka, kwanza wakijificha kwenye vitenge, kisha waziwazi, na nyuma ya nyumba majirani walikuwa wanaingia na masufuria, mmoja na maharage yake yaliyokwisha kuiva, mwingine na mgebuka, wengine na unga. Gervas nilipomfikia nikamtajia majina yake yote bila kukosea. Ruhusa ya kuongea hakuwa nayo, akaishia kukohoa.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho. Alilitaja jina lake polepole: Skolastika binti Ntahondi wa Mabamba, mama wa Gervas na wa pacha wawili waliotangulia mbele ya haki. Nikalirudia lote. Pacha sikuwajua. Gervas hajawahi kuniambia. Mara tatu mama huyu aliwaandika watoto wake kwenye mfumo wangu, na mara tatu nikamtupa nje na kumshukuru.

Hapo nililia sana, na sikulia kwa ajili ya aibu.

"Basi, mwana wanje," akasema. "Umeyasema vizuri." Akaninyanyua yeye mwenyewe, na kigelegele cha kwanza cha leo kilitoka kwake.

Posa imekubaliwa. Chakula kilitosha, tena dereva aliongezwa mara mbili, akiitwa kwa majina yote matatu.

Walipoondoka nilikaa na kompyuta nikarekebisha. Nimeondoa kikomo cha herufi. Nimefunga sura ya fundi. Nimemrudisha mshika makosa kazini na kumwomba radhi. Mgeni sasa kitu kikivunjika anaambiwa: "Samahani, tumeshindwa kuhifadhi jina lako. Kosa ni letu, si lako. Tafadhali mpigie Editha." Shangazi ameisoma mara mbili. Ameikubali kwa sharti moja, isiwe nyekundu.

Kabla giza halijaingia simu ikaita. Kosta ilikuwa imeshapita Makere na mama mkwe alikuwa ameamua kuujaribu mfumo akiwa njiani. Na mimi, katika kurekebisha kwangu, nilikuwa nimevunja kitu kingine.

"Imekataa," akasema. "Inasema imeshindwa, na kosa ni lenu."

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe. Nalishughulikia sasa hivi."

Nikasikia ndani ya kosta wakiimba.

"Hapo sawa," akasema. "Mtu anayesema nimeshindwa, unaweza kuishi naye."

Kwa hiyo chekeni, mmeruhusiwa na mama mkwe. Ila siku ya harusi jiandikisheni kwa majina yenu yote, na mkiona mfumo wangu umewashukuru haraka mno, nipigieni simu kabla hatujachinja.